"Funzo Lake Nini?": Jawabu kwa Walioikataa Filamu ya Kivu Ruhorahoza

Pamezuka miongoni mwetu walimu wa Kiswahili wa hapa Kigali mabishano ambayo hatuwezi kuyanyamazia. Yalianza jioni moja huko Nyamirambo, baada ya walimu kadhaa na wanafunzi wachache kutazama pamoja filamu ya Kivu Ruhorahoza ya mwaka 2011, iitwayo kwa Kifaransa Matière grise na kwa Kiingereza Grey Matter. Taa zilipowashwa, ukumbi ulikaa kimya. Kisha mwenzetu mmoja, mwalimu wa miaka mingi na mtu tunayemheshimu, akauliza: "Sasa, funzo lake nini?" Hakupata jibu la kumridhisha, na tangu siku ile swali lake limegeuka kuwa hukumu. Inasemwa kwamba filamu hiyo haieleweki. Kwamba haina ujumbe. Kwamba ilitengenezwa ili kuwafurahisha wageni wa matamasha ya ng'ambo. Na kwamba ni hatari kuwaonyesha wanafunzi ndoto mahali panapotakiwa historia.

Sisi tunaikataa hukumu hiyo. Hatuikatai kwa kuwa filamu haina kasoro, maana kasoro inazo na tutazitaja. Tunaikataa kwa sababu hukumu yenyewe yafichua maradhi yaliyomo katika ufundishaji wetu. Na maradhi hayo, katika nchi hii kuliko nyingi nyingine, si jambo la mzaha.

Kwa manufaa ya wale ambao hawajaiona, yafaa tueleze kwa ufupi yaliyomo. Balthazar ni kijana wa Kigali anayetaka kutengeneza filamu yake ya kwanza ndefu. Ameipa jina la Le Cycle du cafard, yaani Mzunguko wa Mende, nayo inahusu watu waliobaki na akili zilizovunjika baada ya mauaji. Anakwenda kuomba msaada wa serikali, na huko anaelezwa kwamba habari zake hazimo katika yale yanayotakiwa: angeleta hadithi ya kujikinga na UKIMWI, au ya ukatili dhidi ya wanawake, angesikilizwa. Anarudi mikono mitupu, anawaficha wenzake ukweli, na kazi inaendelea. Tangu hapo mtazamaji hashikwi tena mkono. Tunaingia katika chumba alimofungiwa mtu mwenye wazimu pamoja na mende wake. Tunaingia katika nyumba ya Yvan na Justine, kaka na dada waliopoteza wazazi wao. Kaka amevurugika hata anavaa kofia ngumu ya pikipiki, na dada ndiye anayebeba mzigo wa wote wawili. Je, hao ni wahusika wa filamu ya Balthazar? Au ni watu wa kweli? Au ni ndoto tu? Filamu haitwambii. Mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 yamo katika kila pembe ya picha, lakini hayasimuliwi kama somo la darasani, kwa tarehe na ramani.

Basi na tuzichukue shutuma moja baada ya nyingine.

Shutuma ya kwanza ni kwamba filamu haieleweki. Twauliza: tangu lini walimu wa fasihi ya Kiafrika wakaona aibu mbele ya jambo lisiloeleweka upesi? Wahenga walisema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Mtoto wa pwani husikia "Kitendawili!" akajibu "Tega!" kabla hajajua kusoma. Mtoto wa Rwanda husikia "Sakwe sakwe!" akajibu "Soma!", naye akakaa tayari kuteswa kidogo na ibisakuzo za bibi yake. Na katika kasri ya wafalme wa Rwanda, utanzu ulioheshimiwa kuliko mingi ulikuwa ibisigo, tungo za sifa za wafalme, ambazo washairi wake walizifunika kwa majina ya mafumbo na maneno ya kuzunguka, hata msikilizaji asiye na mafunzo hakuambulia kitu. Padri Alexis Kagame alitumia miaka mingi kuzikusanya, na mwaka 1951 akachapisha uchunguzi wake juu yake. Hakuna aliyesema kwamba ibisigo ni za kuwafurahisha wazungu. Iweje basi Mnyarwanda wa leo akifumba kwa kamera tumwite mwigaji wa mambo ya kigeni?

Sisi wa Kiswahili hatuna hata udhuru wa kusema kwamba jambo hili ni jipya kwetu. Euphrase Kezilahabi, aliyekwisha kutupa Rosa Mistika mwaka 1971, riwaya iliyonyooka inayosomeka kwa urahisi, alitoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991. Katika riwaya hizo wakati umekatika, mahali hapana jina, na msomaji hutembea kama mtu aliye usingizini. Walimu wengi walilalamika wakati ule kwa maneno yale yale tunayoyasikia sasa. Na kabla ya hapo, Kichomi chake cha mwaka 1974 kilipotoka na mashairi yasiyofuata vina na mizani, mabishano yalidumu miaka, na wengine wakadai kwamba hayo si mashairi kabisa. Leo vitabu hivyo vyatajwa katika kila historia ya fasihi yetu. Yaelekea kila kizazi cha walimu hakina budi kuaibika mara moja kabla ya kujifunza kungoja.

Lakini hoja iliyo kubwa zaidi si ya jadi wala ya Kezilahabi. Ni ya maisha yenyewe. Kila mwaka tarehe 7 Aprili Rwanda huanza majuma ya kumbukumbu, na katika mikusanyiko hiyo, tangu miaka ya mwanzo, imeonekana hali ambayo Wanyarwanda huiita ihahamuka. Mtu mzima, aliyeketi kwa utulivu, huinuka ghafla akapiga kelele, akajaribu kukimbia au kujificha, kwa sababu anawaona wauaji wakija. Hawakumbuki, anawaona. Kwake yeye mwaka 1994 haujapita. Umo ukumbini pamoja naye. Wahudumu humchukua wakamtoa nje na kumtuliza. Sasa tuwaulize wenzetu: mtu huyo yumo katika historia au katika ndoto? Msanii atakayesimulia habari zake kwa mstari ulionyooka, jana ikitangulia leo na leo ikitangulia kesho, amesema kweli au amesema uongo? Sisi twaona kwamba Ruhorahoza hakuchagua njia ya ndoto ili kujionyesha kuwa fundi. Alichagua umbo linalofanana na kitu alichotaka kukisema. Hilo ndilo tunalowafundisha wanafunzi kila siku tunapowaambia kwamba fani na maudhui havitengani. Kisha tunapoliona kwa macho yetu hatulitambui.

Shutuma ya pili ndiyo iliyo moyo wa jambo lote: kwamba filamu haina ujumbe. Hapa twawaomba wasomaji wavumilie, maana tutasema maneno yatakayowachoma wengine, na sisi wenyewe tukiwamo.

Tazameni tena yule afisa anayemnyima Balthazar msaada. Si mtu mbaya. Hamtukani wala hamtishi. Anataka tu sanaa iwe na faida inayoonekana: ikinge maradhi, itetee wanyonge, iandikike katika taarifa. Tulipomtazama tulimcheka kwanza, kisha kicheko kikatukauka, kwa sababu tulimtambua. Afisa yule ni sisi. Ni sisi tunaoingia darasani na jedwali letu la dhamira, migogoro, ujumbe na falsafa, tukamtaka mwanafunzi ajaze kila chumba cha jedwali. Ni sisi tunaotoa alama mbili kwa ujumbe, mbili kwa mafunzo, na sifuri kwa mtoto aliyeandika kwamba ukurasa fulani ulimtia hofu naye hajui kwa nini. Mwenzetu aliyeuliza "Funzo lake nini?" hakuwa akiuliza swali la mtazamaji. Alikuwa akiuliza swali la mtihani.

Tena tukumbuke tuko wapi. Katika nchi hii ulikuwako wakati ambapo ujumbe ulikuwa wazi kupita kiasi. Gazeti la Kangura lilianza kutoka mwaka 1990. Redio RTLM ilianza kutangaza mwezi Julai mwaka 1993, ikapendwa na vijana kwa muziki wake na mizaha yake, na lugha yake ilikuwa ya mtaani, nyepesi, isiyomwacha msikilizaji nyuma. Mwaka 1994 ilitaja watu kwa majina na mahali walipo. Iliwaita binadamu inyenzi, yaani mende. Je, ilikuwapo redio iliyoeleweka kuliko ile? Ilikuwapo kazi yoyote ya maneno yenye ujumbe uliopokewa na kutekelezwa kwa ukamilifu zaidi? Mahakama ya Kimataifa iliyoketi Arusha ilitoa hukumu ya kesi ya vyombo hivyo vya habari tarehe 3 Desemba 2003, ikaonyesha ulimwengu kwamba maneno yaweza kuwa silaha. Kwa hesabu ya serikali ya Rwanda, waliouawa walipita milioni moja, katika muda wa siku mia hivi.

Hatusemi, na asitusingizie mtu, kwamba uwazi ni uovu. Hakimu hana budi kusema wazi, daktari pia, na mwalimu wa hesabu pia. Tusemalo ni hili: mtu aliyezoeshwa tangu utotoni kwamba kila maneno yana ujumbe mmoja, na kwamba kazi yake ni kuupokea na kuurudia kama ulivyo ili apate alama, atafanya nini siku atakapoletewa ujumbe ulio muovu? Ataupokea. Ataurudia. Hajapata kufundishwa kazi nyingine. Lakini mtu aliyezoeshwa kukaa na jambo lisilomalizika, kuligeuza huku na huku, kuuliza ni nani anayesema na kwa nini anasema, huyo ana kinga kidogo. Filamu ya Ruhorahoza inamchukua yule mende aliyekuwa tusi na hukumu ya kifo, inamrudisha kuwa mdudu ndani ya chumba, mbele ya mtu aliyeharibika akili, kisha inatwachia sisi kufikiri neno lile lilifanya kazi gani katika kichwa cha aliyeliamini. Inatutaka tulichungue neno lililokwisha kuua. Je, hilo si somo la lugha? Na kama si letu sisi walimu wa lugha, ni la nani?

Shutuma ya tatu ni kwamba filamu ilitengenezwa kwa ajili ya wageni. Hapa tunakubali nusu ya neno. Ni kweli kwamba ilijulikana ng'ambo kabla ya kujulikana kwetu. Mwaka ule ule wa 2011, katika tamasha la Tribeca huko New York, waamuzi walimtaja mwongozaji wake kwa heshima ya pekee, wakampa Ramadhan Bizimana, aliyeigiza Yvan, tuzo ya mwigizaji bora. Ni kweli pia kwamba lugha zake ni Kinyarwanda na Kifaransa, na kwamba mwanafunzi wa kawaida wa Kigali si rahisi kuipata. Na ni kweli kwamba ziko sehemu zinazokaa mno, ambapo kamera yaelekea kujipenda yenyewe, na mtazamaji mchovu akaanza kutazama saa. Hayo ni makosa na hatuyafichi.

Lakini twaomba wenzetu wapime kwa mizani moja. Hotel Rwanda ya mwaka 2004, ambayo wengi wao huisifu, iliongozwa na Terry George wa Ireland ya Kaskazini na sehemu yake kubwa ikapigwa picha Afrika Kusini. Sometimes in April ya mwaka 2005 iliongozwa na Raoul Peck wa Haiti. Shooting Dogs ya mwaka huo huo iliongozwa na Mskoti, Michael Caton-Jones, na ilipigwa picha pale pale penye shule ya ufundi ya Kicukiro, ambako askari wa Umoja wa Mataifa waliwaacha maelfu ya watu tarehe 11 Aprili 1994. Hatuzidharau kazi hizo; kila moja ilitia bidii kwa namna yake, na baadhi ya Wanyarwanda walishiriki kuzitengeneza. Lakini zote zina mwanzo, kati na mwisho. Zinamshika mtazamaji mkono, zinamliza, kisha zinampangusa machozi na kumfungulia mlango aende zake. Hizo ndizo zinazoitwa "zinaeleweka". Ile ya kijana aliyezaliwa Kigali, aliyekuwa mtoto wa miaka kumi na kitu hivi nchi ilipoangamia, ndiyo inayoitwa ya wageni! Haya ni mambo ya ajabu. Twadhani ukweli ni kinyume chake. Mgeni anahitaji kuelezwa, kwa hiyo filamu ya mgeni inaeleza. Mwenyeji hahitaji kuambiwa kilichotokea; anahitaji mahali pa kukaa nacho.

Shutuma ya nne twaiheshimu kuliko zote. Wako wanaosema: katika nchi ambayo wakanushaji bado wapo, wanaotaka kuyapotosha au kuyafuta mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kuna hatari kuchanganya ndoto na historia, maana mkanushaji atasema, "Mnaona? Hata wao wanasema ni njozi." Hofu hii si ya kipuuzi. Lakini twajibu kwamba kila kazi ina mwenyewe. Kuthibitisha ni kazi ya mashahidi, ya nyaraka, ya makaburi ya kumbukumbu kama lile la Gisozi, na ya mahakama. Mahakama za gacaca, zilizofungwa mwaka 2012, zilisikiliza mashauri yapatayo karibu milioni mbili, na humo ilibidi kila neno linyooke: nani, lini, wapi, kwa silaha gani. Kazi hiyo ilifanyika na haitaondolewa na filamu yoyote. Lakini shauri lilipokwisha kuandikwa na karatasi kufungwa, aliyenusurika alirudi nyumbani, akafunga mlango, usiku ukaingia. Yaliyompata usiku ule hayamo katika jalada la mahakama. Hayo ndiyo yaliyomo katika filamu. Msanii hakuja kuchukua nafasi ya shahidi. Amekuja kukaa na shahidi baada ya wote kuondoka.

Basi twapendekeza nini? Hatupendi kuwa kama wale wanaopiga kelele kisha wakaenda kulala.

Kwanza, twapendekeza kwamba katika vilabu vyetu vya Kiswahili, kila inapotazamwa filamu au kusomwa kazi ya namna hii, jedwali la dhamira na ujumbe liwekwe kando kwa siku ya kwanza. Mwanafunzi aulizwe: umeona nini? Ni picha gani haikutoki akilini? Umechanganyikiwa wapi, na kwa nini hapo? Uchambuzi wa fani na maudhui una siku yake, lakini usitangulie macho.

Pili, mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Tulishangilia, nasi tulikuwa na haki ya kushangilia, maana lugha hii ilidharauliwa humu nchini muda mrefu kana kwamba ni ya wahuni na wachuuzi. Lakini lugha rasmi isiyofasiri sanaa ya nchi yake itabaki lugha ya mihuri na matangazo. Mwaka 2021 Anisia Uzeyman, mzaliwa wa Rwanda, na Saul Williams wa Marekani walitoa Neptune Frost, filamu nyingine ya ndoto iliyopigwa picha humu nchini, na miongoni mwa lugha zisikikazo ndani yake kimo Kiswahili. Wasanii wametutangulia. Walimu wa Kiswahili wa Kigali, kwa idhini ya wenye haki, wangeweza kuandaa maandishi ya Kiswahili ya kuwekwa chini ya picha za Matière grise, ili mwanafunzi wa Bujumbura, wa Goma na wa Dodoma aitazame bila kupitia lugha ya tatu. Kazi hiyo ingetupa mazoezi ya tafsiri yaliyo bora kuliko vifungu vingi tunavyowapa wanafunzi.

Tatu, na hili ni letu wenyewe, tujifunze kunyamaza baada ya taa kuwashwa. Jioni ile, mwenzetu alipouliza juu ya funzo na sisi wakubwa tukaanza kubishana, msichana mmoja wa kidato cha tano aliinua mkono. Aliuliza kwa sauti ndogo: "Kwa nini anavaa kofia ndani ya nyumba?" Hakuna aliyemjibu, tulikuwa tunashughulika na ujumbe. Tumelifikiria swali lake tangu siku ile. Kila mkazi wa Kigali aipandaye pikipiki ya abiria hupewa kofia, huivaa, naye akifika huivua akamrudishia dereva. Ni kitu cha safari. Yvan haivui. Labda haivui kwa sababu hajafika. Labda kwa sababu anangoja kuanguka. Labda ipo sababu ya tatu ambayo msichana yule alikuwa nayo tayari, nasi hatukumpa nafasi ya kuisema.

Hilo lilikuwa swali la fasihi, nalo liliulizwa na mwanafunzi mbele ya walimu wake, wakalipita. Tukikutana naye tena tutamwomba radhi, kisha tutamwomba aliulize upya.